Hiyo moja inayotolewa kwenye n inatoka wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Hesabu za mfuatano, zile namba zinazopanda au kushuka kwa kiasi kilekile, zinanitesa sana. Tumeambiwa namba ya 4 ni 17 na namba ya 10 ni 41, tutafute namba ya 50. Mi nikachukua 41 nikatoa 17 nikapata 24, nikagawa kwa 10, ikaja 2.4, kumbe wenzangu wote wana 4. Na ile fomula ya a + (n − 1)d naijua kwa kichwa, a ni namba ya kwanza, n ni nafasi ya namba unayoitafuta, d ni tofauti ya namba na inayoifuata, ila hiyo moja sielewi inatolewa ya nini. Halafu namba zikiwa zinashuka ndo napotea kabisa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo 24 iko sawa kabisa, tatizo ni 10 uliyogawia. We umehesabu namba wakati hapa zinahesabiwa hatua, na ukilishika hili fomula haitakusumbua tena. Kutoka namba ya 4 mpaka ya 10 unaruka mara ngapi? Ya 4 kwenda ya 5 mara moja, ya 5 kwenda ya 6 mara mbili, endelea hivo hivo utafika mara 6. Sasa 24 gawa kwa 6, tofauti ni 4. Kunjua kiganja uone, vidole vitano lakini mianya katikati ni minne tu, na hiyo moja iliyopungua ndo hiyo hiyo unayoiona kwenye n − 1.

Namba ya kwanza je? Rudi nyuma hatua 3 toka kwenye 17, yaani 17 toa 12, unapata 5. Kwenda namba ya 50 ukianzia ya kwanza ni hatua 49, sio 50, kwa hiyo 5 jumlisha 49 mara 4, jibu 201.

Za kushuka nazo ni vilevile ila shika mpangilio: chukua inayofuata, toa iliyoitangulia, hata kama inayofuata ni ndogo. Mfano 50, 43, 36, hapo ni 43 toa 50, tofauti hasi 7. Wengi wanageuza wanatoa ndogo kwenye kubwa manake ndo walivyozoea tangu wadogo, wanapata 7 chanya, mfuatano unapanda badala ya kushuka na swali zima linaharibika. Namba ya 9 hapo ni hatua 8 za 7 kushuka, yaani 50 toa 56, unapata hasi 6.

Na kwenye mtihani wanapenda kuuliza kama namba fulani imo kwenye mfuatano. Tuseme 150 kwenye huu wako unaoanza na 5. Toa 5, inabaki 145, gawa kwa 4 inakuja 36.25, na hakuna robo hatua, kwa hiyo haimo. Jaribu na 153 sasa: inabaki 148, gawa kwa 4 ni hatua 37 kamili, basi imo, ila usije ukaandika ni ya 37, ni ya 38.