Albamu Ikibaki Kabatini, Usiache Kuimba

Mwaka ule nilipoambiwa kwamba kazi niliyoirekodi haitatoka, nilikaa nyumbani miezi minne bila kuimba hata wimbo mmoja, na niliporudi kwenye bendi sauti za juu zilinishinda kabisa. Waimbaji vijana huniuliza wafanye nini mwenye studio anapokaa kimya. Jibu nililipata katika maisha ya Bettye LaVette, mwimbaji wa soul na blues aliyekulia Detroit, Marekani.

Alikuwa na miaka 16 tu wimbo wake wa kwanza ulipovuma mwaka 1962. Miaka kumi baadaye alikwenda Muscle Shoals, Alabama, akarekodi albamu nzima kwa ajili ya kampuni ya muziki ya Atlantic, lakini kampuni ikaamua kutoitoa. Amewahi kusimulia kwamba alipopata habari hiyo aliingia chini ya meza ya chakula akakaa huko siku kadhaa, nami hapo ninajiona mwenyewe. Lakini yeye alitoka, akaendelea kuimba katika vilabu vidogo na katika tamthilia ya muziki. Meneja wake, Jim Lewis, alikuwa amemhimiza ajifunze nyimbo nyingi za zamani, ili hata asipokuwa nyota aweze kula kwa sauti yake.

Albamu ile ilitoka Ufaransa mwaka 2000, kwa juhudi za mkusanyaji wa santuri, na ilimkuta mwenye sauti akiwa bado kazini. Mwaka 2005 akatoa albamu ya nyimbo zilizotungwa na wanawake pekee. Mwaka 2008 aliimba wimbo wa The Who, bendi ya rock ya Uingereza, katika ukumbi wa Kennedy Center, Washington, huku Pete Townshend aliyeutunga akisikiliza. Hakupiga kopi. Aliupunguza mwendo, akayatamka maneno kama mtu anayeomba maji, na wimbo ukawa wake.

Kwa hiyo nakusihi, unaposubiri, chukua wimbo mmoja wa zamani kila wiki, uuimbe polepole bila ala yoyote, mpaka ujue ni neno gani linalokuuma. Mimi nilianza na wimbo ambao shangazi alikuwa akiuimba huku akichekecha unga. Wiki ya kwanza niliiga sauti yake tu. Wiki ya tatu nilifika kwenye ubeti wa mwisho, nikalazimika kunyamaza kidogo kabla ya kuumaliza.