Diski za Breki za Uwanjani: Maswali Yenu, na Matundu Yasiyo na Kazi

Tangu watu waanze kujiandaa kwa mashindano ya kupimwa muda, barua zenu zimegeuka kuwa za diski tupu. Nimechagua tisa. Waliouliza rangi inayopendeza kwenye kalipa, yaani kibano kinachobana pedi kwenye diski, watanisamehe, hii si safu ya mapambo.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2006 na nakwenda uwanjani kama mara tano kwa mwaka. Mtandaoni kuna seti ya diski nne zenye matundu na mikato, zimepakwa rangi ya dhahabu, pamoja na pedi, kwa bei ambayo maduka ya vipuri ya Grogan wananiuzia diski mbili za kawaida za mbele. Nichukue? — Msomaji, Ruiru

Usichukue. Na kabla hujaniambia kwamba magari ya mbio yana matundu, kaangalie tena. Porsche 911 GT3 Cup, gari lililoundwa kwa mbio na si kwa harusi, lina diski za mikato, yaani mifereji iliyochongwa usoni, bila tundu hata moja. Matundu yalikuwa na kazi zamani, enzi ambazo pedi zikipata moto zilitoa gesi nyingi na gesi ilihitaji pa kupenyea. Pedi za leo hazina shida hiyo kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Yaliyobaki ni urembo wa kuonekana katikati ya rimu, na kila tundu ni mahali ambapo ufa utaanzia.

Tupige hesabu. Gari lako na wewe ndani yake ni kama kilo 1,500. Ukishuka kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60 kabla ya kona, umetupa takriban kilojuli 1,270 za nishati, na zote zinageuka joto. Breki za mbele hubeba karibu asilimia 70 ya mzigo huo, kwa hiyo kila diski ya mbele inapokea kama kilojuli 445. Diski ikiwa na kilo 7, mkanyago huo mmoja unaipandisha joto kwa nyuzi zaidi ya 120. Kona nyingine inakuja kabla haijapoa. Kinachomeza joto hilo ni uzito wa chuma, na aliyetoboa diski amekuondolea chuma kisha akakutoza pesa kwa kazi hiyo.

Wa Nairobi tuna la ziada. Kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Hewa ndiyo inayopoza diski. Basi ushauri wa mtu anayeendesha gari Uingereza karibu na bahari usiumeze mzima mzima.

Nunua diski za kawaida, nyuso laini, kipimo cha kiwandani: milimita 294 kwa upana, 24 kwa unene. Brembo, DBA na Centric wote wanatengeneza za aina hiyo. Ukipata zenye kaboni nyingi zaidi kwa nyongeza ndogo, lipa. Chuma hicho hustahimili kupashwa na kupoa bila kupasuka upesi. Mikato sina ugomvi nayo. Inakwangua uso wa pedi uliong'aa kwa joto, ila inakula pedi na inanguruma. Pesa inayobaki weka kwenye pedi za kweli na mafuta ya breki. Diski ni kama sabuni, imeumbwa iishe. Nunua ya bei nafuu iliyo imara na uibadilishe mapema.

Lakini nafuu isiwe takataka. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa, na duka silitaji, diski ndani ya boksi la jina kubwa. Nilipoitazama ukingoni, bamba la upande mmoja lilikuwa nene na la upande wa pili jembamba, mapezi ya katikati yanayopitisha hewa yamekaa upande. Diski ya namna hiyo hupata moto upande mmoja kabla ya mwingine, na hapo ndipo inapopinda kweli. Kabla ya kulipa, itoe kwenye boksi, igeuze, pima bamba zote mbili. Muuzaji akinuna, umeshapata jibu.

Diski gani ni nzuri kwa treki? — Msomaji, hakutaja alipo

Ya gari gani? Kwa pedi zipi? Unazunguka mara ngapi kabla ya kupumzika? Ni sawa na kumwandikia fundi cherehani "suruali gani itanitosha?" bila kumpelekea kiuno. Barua za hivi naendelea kuzipata na nitaendelea kutozijibu.

Baada ya siku ya uwanjani usukani unatetemeka nikifunga breki. Fundi anasema diski zimepinda, anataka kuzipeleka zikachongwe. — Msomaji, Thika

Fundi wako ni mtu mwema lakini karibu kila mara neno hilo si kweli. Diski ya chuma cha kusubu haipindi kirahisi. Mara nyingi pedi yenye moto imeacha utando wake juu ya diski, mzito hapa na mwembamba pale, na mguu wako unausoma utando huo kama mtetemo. Kisa chake nakijua bila kuwapo: umemaliza mizunguko yako kwa kasi ile ile, ukaingia kupumzika, ukasimama huku umekanyaga breki, au ukavuta breki ya mkono. Pedi imekaa sehemu moja ya diski inayochoma, ikaacha alama.

Mzunguko wa mwisho uwe wa kupunga hewa, breki uzishike kwa shida. Ukisimama, ondoa mguu, acha gari kwenye gia, weka gogo nyuma ya tairi.

Sasa kuhusu kuchonga. Diski yako ikiwa ya milimita 24, kiwango cha chini kilichopigwa muhuri juu yake huenda ni 22. Maana yake una milimita mbili za kuchezea kwa maisha yake yote. Fundi wa mashine akitoa nusu milimita kila upande, umepoteza moja, nusu ya uhai, kwa mchana mmoja. Halafu chini ya alama ile chuma mara nyingi kimeshageuka kigumu kuliko jirani zake, hivyo mtetemo unarudi baada ya wiki chache nawe unaanza kumtukana mwenye mashine.

Fanya hivi kwanza. Toa diski, piga brashi ya waya uso wa habu, kile kitovu cha gurudumu diski inapokaa, mpaka chuma kionekane, kwani kutu kidogo tu hapo hulaza diski upande. Rudisha, kaza, weka saa ya kupimia yumbo. Ikizidi kama milimita 0.05, zungusha diski kwenye habu nati moja, pima tena. Nati za tairi zikazwe kwa msalaba na kwa spana ya kipimo. Ile mashine ya upepo inayopiga kelele mtaa mzima imeharibu breki nyingi kuliko treki.

Vyote vikishindikana, nunua mpya, na hizo mpya uzizoeshe na pedi: punguza kutoka kilomita 100 hadi 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha polepole zipoe. Fanya hivyo ndani ya uwanja, kwenye kipindi cha kwanza cha asubuhi. Najua kuna vijana wanaozoesha pedi kwenye barabara ya Southern Bypass usiku wa manane. Nyuma yako kuna lori la mchanga ambalo breki zake hazijazoeshwa tangu litoke bandarini.

Diski mpya zimeota kutu usiku mmoja. Nimepunjwa? — Msomaji, Nyali, Mombasa

Hapana, umeishi karibu na bahari. Kutu ya juu itafutwa na pedi kabla hujafika Kongowea. Ya kuangalia ni ile ya ndani kati ya mapezi, inayoziba njia ya hewa. Kwa pwani tafuta diski zilizopakwa kinga kiwandani kila mahali isipokuwa pale pedi inapogusa, au hata pale, maana huko itasuguliwa yenyewe.

Naendesha BMW M3 ya E92, mara moja kwa mwezi tunavuka kwenda Dubai Autodrome. Nyufa nyembamba zinatokea kuzunguka matundu. Nitupe lini, na je, ni joto la huku linaloua diski? — Msomaji, Muscat

Shikamoo joto la Muscat, lakini hesabu haikubali. Hewa ya nyuzi 40 badala ya 20 ni tofauti ya nyuzi 20 mbele ya diski inayofika 500 na kuzidi. Wauaji ni kasi yako na uzito wa gari. Ule mzunguko mrefu wa kilomita 5.39 unakupa nafasi ya kufikia kasi kubwa kisha kuimwaga yote.

Nyufa ndogo ndogo juu ya uso, nyembamba kama nywele, ni uzee wa kawaida. Tupa siku ukucha wako unaponasa kwenye ufa, au ufa ukiunganisha matundu mawili, au ukifika ukingoni. Katika hayo matatu hakuna "nimalizie wikendi hii tu". Diski ikiachana katikati ukiwa kwenye kilomita 200, huna wa kumsimulia.

Diski zako za kiwandani zina matundu, na pete yake ya chuma imeunganishwa na kofia ya aluminiamu kwa namna ambayo pete ikichoka unatupa vyote. Kwa mtu wa kila mwezi, hapa ndipo nalegeza msimamo wangu wa nafuu: nunua za vipande viwili zenye kofia ya kufunguliwa kwa boliti. Mara ya kwanza zinauma, baada ya hapo unabadilisha pete peke yake. Hakikisha mapezi ya ndani yamepinda kuelekea nyuma kwa jinsi gurudumu linavyozunguka, ili yasukume hewa nje kama feni. Ya kushoto na ya kulia si moja. Mwelekeo wa mikato ya juu haukwambii kitu, chungulia ndani.

Na paka rangi za joto ukingoni: ya kijani hubadilika kwenye nyuzi 430, ya chungwa 560, nyekundu 610. Ni kijichupa cha bei ndogo na kitakwambia zaidi ya rafiki zako wote wa Seeb. Ya nyekundu ikigeuka, tafuta bomba la kuleta hewa, na hewa hiyo ielekezwe katikati ya diski inapoingilia mapezi. Ukipuliza uso mmoja tu unaipinda mwenyewe.

Nabadilisha diski moja tu ya mbele, ya pili bado nzuri. Kuna ubaya? — Msomaji, Eldoret

Upo. Jozi, na pedi zake mpya.

Kwenye soko la vipuri la Kisekka nimepata breki za Brembo za Subaru STI pamoja na diski zake, mtumba kutoka Japani. Gari langu ni WRX ya 2003. Vitaingia? — Msomaji, Kampala

Kalipa huenda zikaingia. Diski ndizo zitakazokuliza. STI za mwanzo zilikuwa na boliti tano kwenye duara la milimita 100 kama lako. Kuanzia zile za mwaka wa modeli 2005 zikahamia 114.3. Diski ya huku haikai habu ya kule, na muuzaji hatakwambia kwa sababu hata yeye hajui. Chukua rula uende nayo.

Diski hizo zikiwa mpya ni milimita 326 kwa 30, na zinatupwa zikifika 28. Usipime kwa vernia ya kawaida, kwa sababu ukingo usioguswa na pedi unabaki mnene na vernia inakaa juu yake, inakudanganya kwamba diski ni nzima. Tumia maikromita, pima katikati ya njia ya pedi, sehemu sita. Mimi ningechukua kalipa na kuacha diski za mtumba pale pale.

Utahitaji rimu za inchi 17, wala si kila inchi 17 inapita. Ukiweka za mbele peke yake, breki zitaegemea mbele zaidi kuliko alivyopanga aliyelitengeneza gari. Pedi nzuri kwenye kalipa ulizo nazo zingekupa sehemu kubwa ya unachotafuta, lakini najua hukuandika ili usikie hilo.

Niliweka diski na pedi mpya kwenye Altezza. Nikitoka Iringa, kushuka Kitonga, kanyagio likazama karibu na sakafu. Diski feki? — Msomaji, Dar es Salaam

Kaka, mafuta yamechemka. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na Dar unyevu hauna bei. DOT ni daraja la mafuta hayo: DOT 4 mpya inapaswa kuanza kuchemka si chini ya nyuzi 230. Ikishanywa maji, kiwango kinashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. DOT 5 isiyo na nukta ni silikoni, haichanganywi na hizo, usikubali kuwekewa kwa kuwa namba zinafanana. Kabla ya kulaumu diski, uliza mafuta hayo yalibadilishwa lini. Ukikaa kimya kama wengi wenu, basi ni tangu meli.

Na Kitonga si treki. Pale unashuka na gia ndogo tangu juu, breki unazigusa na kuziachia. Ulikuwa kwenye namba ngapi? Hukuandika, kwa hiyo nadhani najua.

Nikitoka uwanjani naweza kumwagia diski maji zipoe haraka? — Msomaji, Nakuru

Unaweza. Beba na diski nyingine mbili kwenye buti.