Ucheshi, kinaya na kejeli: maswali yenu

Kinaya si ucheshi tu uliopewa jina la darasani?

Hapana. Ucheshi unataka kicheko. Watu wasipocheka, umeanguka. Kinaya kinataka kinyume: linalosemwa silo linalokusudiwa, au linalotokea linapingana na lililotarajiwa. Mjumbe anaingia kikaoni saa nzima imepita, mwenyekiti anamwambia, "Karibu, leo umewahi." Hicho ni kinaya, na wenzake wakicheka kimekuwa ucheshi pia. Lakini mlinzi anayevunjiwa nyumba usiku akiwa lindoni kwa tajiri? Kinaya kitupu, na hakuna wa kucheka.

Na kejeli?

Kejeli ina mlengwa, na nia yake ni kumshusha. Inaweza kuvaa kinaya, inaweza kuja uchi.

Tulipomzika baba, mtani alivaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, kisha akaingia kaburini akidai alipwe deni ndipo atoke. Hiyo si dhihaka?

Angefanya jirani asiye mtani, mngemtoa kwa fimbo. Ndiyo maana utani hauwezi kupimwa kwa maneno peke yake. Unapimwa kwa nani kasema na kwa haki gani. Haki hiyo ina historia: utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unahusishwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, ule wa Wangoni na Wahehe na vita walivyopigana karne hiyohiyo. Tena mtani hachekeshi tu. Kwa desturi ndiye anayechimba kaburi, anayebeba, anayehudumia wafiwa wasiojiweza kwa majonzi. Deni alilodai ni la uongo na kila mtu pale alijua, basi mkampa vijisenti, akatoka, mkazika. Mimi hapo naona ucheshi uliokomaa kuliko wote tulio nao, na sioni kejeli hata chembe. Kuna mtu aliyeshushwa?

Kwenye kundi letu la WhatsApp niliandika, "Hongera mhazini kwa uwazi." Hajasoma hesabu tangu mwaka jana! Akanijibu, "Asante sana ndugu yangu."

Kinaya cha mdomoni hubebwa na sauti: ungevuta "hongeeera", ukakodoa macho, angekuelewa. Kwenye maandishi yamebaki maneno matupu, naye kayapokea yalivyo. Au kakuelewa vizuri sana na kakurudishia kinaya chako. Muulize waziwazi, hesabu iko wapi.