Mkubwa naye bado mtoto: kwa wanaosubiri wa pili

Wadogo zangu, mawifi zangu, na nyinyi mabinti wa shangazi mnaozaa siku hizi kwa kufuatanisha, nimenyamaza vya kutosha. Kila nyumba ya mzazi ninayoingia hapa Wete, Pemba, nakuta yale yale. Kichanga kafunikwa, kapakwa wanja, watu wanagombea nani ampakate. Mkubwa wake, ambaye hata miaka miwili hajatimiza, kasimama kwenye pazia la mlango kidole kinywani, na kila anayepita anamwambia, "Hebu toka hapo, utamwamsha mdogo wako." Baadaye mzazi ananipigia simu: huyu kaanza ukorofi, anapiga, anajikojolea na alishaacha, chakula hataki. Jamani, mlitegemea nini?

Mimi nimelea wawili waliopishana kidogo, na sasa wote wako skuli. Nitayapanga kwa namba ili mkisoma usiku mnanyonyesha msipotee.

1. Mwambieni mapema. Mtoto wa mwaka na nusu anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyasema. Mshikisheni tumbo. Mkifua vile vinguo vyake vya uchanga, aanike na yeye. Kama mahali pake pa kulala patabadilika, pabadilike miezi kabla, sio siku mnayorudi kutoka hospitali. Na wale wageni wa "wewe sasa huna mama, mama kapata mtoto mwengine", wakatazeni hapo hapo, hata akiwa mtu mzima kwenu. Kwa adabu, lakini mkatazeni. Mtoto wa umri ule hajui utani, yeye anaambiwa kuwa hana mama na anaamini.

2. Kumpeleka kwa bibi. Hapa nitakaa kidogo.

Mimi nilimpeleka. Au niseme ukweli wake: niliacha apelekwe amelala. Uchungu ulinianza alasiri, na shauri lilikuwa limeshapangwa na wakubwa. Mavyaa, mama wa mume wangu, atamchukua mtoto akae naye Konde mpaka arobaini itoke, mimi nipate kukandwa, ninywe uji wangu wa pilipili manga, nilale. Lilikuwa shauri jema na lilitolewa kwa mapenzi. Tukaona akiwa macho atalia, basi tukangoja alale. Nikambusu, akabebwa begani, gari ikaondoka. Akaja kuamka kwenye nyumba nyengine, mama hayupo, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Ziwa nilikuwa nimeshamwachisha mwezi ule ule, kwa shubiri. Kwa muda mfupi yule mtoto aliondolewa ziwa, kitanda, nyumba na mama, na mimi niliyemjua kuliko mtu yeyote nilikubali, kwa sababu sikutaka kukisikia kilio chake mlangoni.

Simu nilikuwa napiga. Naambiwa yuko salama, anakula, wala halii. Hilo la kuwa halii lilinifurahisha. Leo najua ndilo lililotakiwa kunitia wasiwasi.

Siku aliyorudishwa nilikuwa nimekaa kitandani nimemwekea biskuti zake. Nikamwita jina lake. Akajificha kwenye buibui la bibi yake, akamvuta, akamwambia, "Mama, twende." Mama alikuwa ndiye bibi. Simlaumu bibi hata chembe. Alimtunza vizuri, na nguo zake zilirudi zimefuliwa na kukunjwa. Nilijilaumu mwenyewe, na nilistahili.

Haikwisha siku ile. Mchana alikuwa mtiifu, tena utiifu wa mgeni: ukimpa anakula, ukimwambia kaa anakaa. Usiku halali mpaka ashike pindo la kanga yangu, alizungushe kwenye kidole. Kichanga akilia lazima niinuke, basi namfungua vidole, kimoja, kimoja, na nikifika cha mwisho anafumbua macho. Halii. Ananitazama tu aone nakwenda wapi. Mchana nikiligusa buibui langu pale kwenye msumari, hata kama nalipeleka kufua, anaacha chakula anakuja kunishika mguu. Ilipita miezi kabla hajaniruhusu niingie chooni bila yeye kukaa mlangoni ananiita.

Sisemi msiwapeleke kwa bibi zao. Bibi ni neema, na mtoto mwenye bibi ana bahati. Nasema aende akiwa macho, mchana, keshaagwa, keshaambiwa mama atakuwa wapi. Aende na kanga yako uliyoilalia, isifuliwe, harufu yako iwe naye. Aende siku chache, sio arobaini nzima, na katikati aletwe akuone. Bora zaidi ya hayo, bibi ndiye aje kwako. Arobaini haijamkataza mkubwa kuingia chumbani kwa mama yake; tumemfungia mlango sisi wenyewe. Na akilia mnapoagana, mwacheni alie. Anayo haki.

3. Ziwa. Msimnyang'anye kwa pupa ati kwa kuwa mimba imeingia. Mimba ikiwa haina matatizo, kunyonyesha hakuidhuru. Mwenye historia ya kuharibikiwa na mimba, au anayeona damu, aulize kliniki kwanza. Qur'ani, Sura ya al-Baqara aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kukamilisha. Na wa pili akishazaliwa unaweza kuwanyonyesha wote, ila kichanga aanze.

Hii habari ya kubemenda nayo, ati mtoto anadhoofu kwa kuwa mama kashika mimba naye bado ananyonya. Ninavyoona mimi, wengi wa watoto wanaosemwa wamebemendwa wamenyimwa ziwa, kisha wakapewa uji mweupe wa sukari kutwa kucha. Uji mtupu unajaza tumbo lakini haumjengi mtoto. Dagaa tunawaanika wenyewe pale pwani! Watwange, uwatie kwenye uji au ubwabwa wake. Mpe yai, kunde, choroko, samaki aliyechambuliwa miiba, mchicha wa nazi. Mkubwa aliyetoka ziwani anahitaji sahani yake mwenyewe, na mtu wa kukaa naye mpaka aimalize, maana akila sahani moja na wakubwa zake anatoka na njaa.

4. Kichanga ni ziwa tu miezi sita, hata maji hapewi, hata kaskazi iwake vipi.

5. Kabla hujakaa kunyonyesha, tazama chumba. Ukishakaa na kichanga kifuani, mkubwa anajua huwezi kuinuka, na hapo ndipo anapoanza kazi zake. Seredani yenye moto isiwe mahali anapofika. Ndoo ya maji ifunikwe au imwagwe, hata ikiwa na maji kidogo, kwa sababu akitumbukia kichwa hawezi kujitoa. Mafuta ya taa yasiwekwe kabisa kwenye chupa ya soda. Akiyanywa usimtapishe, mkimbize hospitali. Akiungua, maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya mswaki ibaki kwa meno.

Muwekee kikapu kinachotoka wakati wa kunyonyesha tu. Chetu kilikuwa na vifuu, mwiko wa zamani na kitambaa. Nikikaa tu na kichanga, mkubwa anaenda kukivuta, anapika pilau yake, ananiletea kifuu mdomoni. Lazima nile, na lazima niseme mashallah tamu, nisiposema anairudisha jikoni akaongeze chumvi. Alinilisha pilau ya hewa mpaka mdogo wake alipoanza kutambaa na kumpindulia sufuria.

6. Kadi za kliniki ni mbili. Ya kichanga haisahauliki: wiki ya 6, ya 10, ya 14, nyumba nzima inahesabu. Inayosahaulika ni ya mkubwa, ile sindano ya pili ya surua na rubella ya miezi 18, kwa sababu inaangukia pale pale mama ana tumbo zito au yuko ndani ya arobaini. Anaweza kupelekwa na baba, shangazi, yeyote. Kadi zote zikae mfuko mmoja. Kuharisha: pakiti moja ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, imwagwe ikipita saa 24, na zinki siku 10 hadi 14 hata kama kaacha kuharisha siku ya tatu. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, au ukiona damu, usingoje asubuhi.

7. Baba. Kunyonyesha ni kwako, mkubwa ni kwake. Sio kumshika "kukusaidia", ni kazi yake. Kwetu mume wangu alikuwa akimpakia kwenye baiskeli alfajiri baada ya sala wakateremke bandarini kutazama vyombo vikiingia. Asubuhi moja wakarudi na samaki, changu. Mtoto hakukubali apelekwe jikoni. Alimshika mkia, akamburura mpaka kitandani, akamnyanyua kwenye uso wa mdogo wake: "Mdogo, ona!" Shuka liliharibika, kichanga akapiga chafya, na mimi nikamshukuru Mungu. Ilikuwa mara ya kwanza anamwendea mdogo wake kwa hiari yake.

8. Wewe mwenyewe. Damu nyingi, homa, kichwa kinachogonga na macho kuona kiwi, au huzuni isiyoondoka: hospitali, arobaini au si arobaini. Mimba nyengine isubiri. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba tena. Na msijidanganye kuwa kunyonyesha peke yake kunatosha kuzuia. Kunasaidia ikiwa kichanga hajafika miezi sita, ananyonya ziwa tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja kati ya hayo, nendeni mkaulize njia nyengine.

Mkienda kumtazama mzazi wiki hii, chukueni sabuni na vinguo kama kawaida, na mchukue kitu cha mkubwa, na yeye ndiye mumsalimie mwanzo. Na aliye hapa Wete ambaye miezi yake imefika na hana wa kukaa na mkubwa, aniambie sasa, uchungu haujaanza. Nitakuja mimi kwake, nilale huko huko, mtoto abaki nyumbani kwao.