Anza kwa Kushika Ufagio

Nilipokwenda kwa mara ya kwanza katika kituo cha wanyama waliotelekezwa hapa Nairobi, nilikusudia kurudi nyumbani jioni hiyohiyo na mtoto wa mbwa, maana wanangu walikuwa wamekwisha kumpa jina kabla hajapatikana. Mama aliyekuwa zamu alinisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza kama nyumba ni yangu au ya kupanga, ukuta una urefu gani, na mchana kutwa nani hubaki nyumbani. Swali la mwisho halikuwa na jibu. Niliondoka mikono mitupu, nimeudhika kidogo, lakini nikiwa nimeahidi kuja kujitolea kila Jumamosi, na miezi minne niliyoitimiza ahadi hiyo ndiyo inayonipa ujasiri wa kumshauri kila anayetaka kuchukua mnyama kituoni aanze kwa kushika ufagio.

Wengi hudhani kujitolea ni kucheza na mbwa. Kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni usafi, na usafi huo una utaratibu wake: huanzwa vizimba vya watoto ambao chanjo zao hazijakamilika, wakafuata wakubwa wenye afya, na wagonjwa waliotengwa wakawa wa mwisho, ili viatu na ndoo visihamishe maradhi kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima. Kinachoogopwa zaidi ni parvo, ugonjwa wa virusi unaomfanya mbwa atapike na kuharisha damu, na ambao unaweza kuwamaliza watoto wote wa tumbo moja kwa siku chache. Virusi vyake hudumu udongoni kwa miezi mingi, hata kupita mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Kwa hiyo sakafu husuguliwa kwanza mpaka kinyesi kiishe, ndipo ikamwagiwa maji yenye klorini, ile tunayoiita jiki, na kuachwa kwa dakika kumi hivi kabla ya kusuuzwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jirani yangu alizika watoto watatu wa mbwa, mmoja baada ya mwingine, katika ua uleule, huku akishuku kwamba kuna mtu anawatilia sumu. Ikiwa mbwa amekufa kwako kwa ugonjwa huo, usilete mdogo ambaye hajamaliza chanjo. Chukua mzima aliyekwisha kuchanjwa.

Mbwa mzima ningempendekeza hata pasipo parvo, kwa sababu tabia yake unaweza kuiona, na ni yule tu aliyekaa naye Jumamosi kadhaa anayeiona vizuri. Jike niliyemchukua ni mbwa koko wa rangi ya kahawia, ambaye daktari alimkadiria miaka minne kwa kutazama meno, na ambaye siku zote alijikunja pembeni akiutazama ukuta. Wageni walimpita kwa kuwa walitaka mbwa mkali. Mimi nilikuwa nikimaliza kufagia nakaa kizimbani mwake nimempa mgongo, nasoma gazeti, na katika wiki ya tano akaja kuweka kidevu juu ya kiatu changu. Wakati huo mke wangu alikuwa ameanza kufanyia kazi nyumbani, kwa hiyo lile swali likawa limepata jibu.

Kituoni walinionya nihesabu siku tatu za hofu, wiki tatu za kuzoea ratiba, na miezi mitatu kabla ya kumjua hasa. Siku tatu hizo alizimaliza chini ya meza ya jikoni, akila usiku tu, nasi tukawakataza watoto kumvuta wala kumwinamia. Alibweka kwa mara ya kwanza katika wiki ya tatu, akimbwekea msomaji wa mita ya maji, na nyumba nzima ikashangilia. Yule kijana hakuelewa kulikoni.

Alikuja akiwa amefungwa uzazi, jambo ambalo bado linalalamikiwa mtaani kwamba linamfanya mbwa awe bwege, nami sijauona ubwege huo. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi tu, na anayetaka kujua watoto wasiopangwa huishia wapi aende akafagie. Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka. Hata hivyo, akikuuma mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona.

Kwa wanaoishi ghorofani, au ambao mate ya mbwa yanawatilia shaka udhu wao kama shangazi yangu wa Mombasa, paka anafaa zaidi. Mfungie katika chumba kimoja kwa wiki mbili za mwanzo asije akapotea, na usimpe maziwa ya ng'ombe, maana paka wengi wakubwa huwaharisha.

Kabla ya kutia saini, omba kadi ya chanjo, na ruhusa ya mwenye nyumba uipate kwa maandishi. Mbwa wawili niliowahudumia walirudishwa kituoni kwa sababu ruhusa ilikuwa ya mdomo, na mpangaji wa chini alipolalamika, mwenye nyumba akakana kwamba aliwahi kuitoa.