Kabla Hujasema "Piga"

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa kijana wa Usa River. Amemaliza chuo cha wanyamapori cha Mweka, anataka kuwa mwindaji bingwa, yule mwenye leseni ya kuwaongoza wageni wanaowinda, na baada ya shikamoo na kunijulia hali ya nyumbani akauliza swali lililoninyima usingizi: "Kaka, siku nikimpeleka mgeni wangu wa kwanza mlimani kutafuta mbogo, nichunge nisikosee wapi?"

Nilianza kumwandikia jibu, nikafuta. Nikaanza upya, nikafuta tena. Mwisho nimeona niliandike hapa, kwa kuwa najua mko wengi mnaoitamani kazi hii, na najua wengi wenu mnaitamani kwa sababu zilezile zilizonivuta mimi: bunduki nzuri, gari la kambi, na heshima ya kuwa Mtanzania anayetangulia mbele ya mgeni badala ya kumbebea begi nyuma.

Mambo ya makaratasi nayapita haraka. Kuna mtihani, kuna leseni, kuna masharti ya silaha, na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, watakueleza yote kuliko mimi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 isome mwenyewe, usisimuliwe. Ujue kwamba ukiwa na mgeni utakuwa na askari wa wanyamapori pembeni yako, na yeye anaandika kila mnyama aliyeanguka na kila aliyejeruhiwa. Damu ikidondoka, mnyama ameshahesabiwa, umpate usimpate. Kwa mbogo usikubali bunduki yenye kipenyo kilicho chini ya .375. Na msije mkanunua zile nguo za mabakamabaka za mtumba mkidhani ndizo za porini. Hapa kwetu raia akivaa sare inayofanana na ya jeshi anajitafutia kesi. Kaki na kijani kibichi vinatosha.

Sasa niwaeleze lililonipata.

Ulikuwa msimu wangu wa kwanza na leseni yangu mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa nimebeba bunduki ya pili ya mtu mwingine kwa miaka sita. Miaka sita, ndugu zangu. Nimelala kwenye mahema yanayovuja, nimekula ugali wa jana nikiwa nimesimama, nimejifunza Kiingereza cha wageni kwa kusikiliza tu. Kwa hiyo siku nilipoambiwa, "Huyu mgeni ni wako," sitaficha, nilienda nyuma ya stoo nikalia kidogo.

Mgeni alikuwa Mmarekani wa miaka 67, mkulima wa ngano, mtu mpole sana. Alikuwa na safari ya siku kumi na alitaka mnyama mmoja tu: dume mzee wa mbogo, yule ambaye kundi limemwacha na pembe zake zimekutana juu ya paji zikawa ngumu kama jiwe. (Serikalini wanaandika nyati. Porini sijawahi kumsikia mfuata nyayo akisema nyati.) Alitaka kumtafuta mlimani, kwa miguu, kwa sababu hadithi za uwindaji wa tambarare alikuwa nazo za kutosha.

Mlima wenyewe siutaji, maana nikiutaja nitakuwa nimetaja na watu. Lakini mnaoijua milima yetu ya kaskazini, Longido, Monduli, Kitumbeine, mnajua ilivyo. Chini ni migunga na vumbi, ukiitazama kutoka barabara ya Namanga utadhani imekufa. Juu kuna msitu wa ukungu, mitarakwa yenye mandevu yanayoning'inia, majani yanayowasha, na njia za mbogo zilizokanyagwa hadi zikawa mitaro. Madume wazee hushuka usiku kula na kunywa, na kabla jua halijatoka wameshapanda kurudi kwenye giza lao. Ukitaka kuwakuta, uwe juu kabla yao.

Siku sita tulipanda na kushuka mikono mitupu. Hizo naziruka.

Siku ya saba tuliondoka kambini saa kumi alfajiri. Mbele alikuwa mzee wetu wa nyayo, Mmasai wa kijiji cha chini ya mlima, mtu aliyeanza kazi hii mimi sijazaliwa. Mfukoni alikuwa na kisoksi cha mtoto kilichojaa majivu laini ya jikoni. Kila hatua ishirini thelathini anakitingisha kidogo, moshi mweupe unatoka, anautazama unakoelekea, anaendelea. Hicho kisoksi ndicho kilichokuwa kikituongoza sote, bunduki zilifuata.

Saa mbili kasoro tukakuta kinyesi. Mzee akachovya kidole, akaniita kwa macho nami nichovye. Cha moto. Tukavua kofia, tukaanza kutembea kwa kunyanyua mguu mmoja, kusikiliza, kuushusha. Nusu saa kwa umbali ambao mtoto angeukimbia kwa dakika moja. Halafu mzee akachuchumaa na kunionyesha kwa kidevu: chini ya mtarakwa ulioanguka, mita arobaini hivi, madume mawili yamelala. Moja lilikuwa ndilo lenyewe. Lina tope kavu begani, sikio la kulia limechanika vipande viwili.

Nikasimamisha vijiti vitatu. Mgeni akaegesha bunduki, pumzi yake nikawa naisikia. Dume likasimama. Lakini lilisimama limetuelekea kimshazari, kichwa chini, na bega limefunikwa na tawi la unene wa mkono wangu. Mzee akanishika kifundo cha mkono. Akasema neno moja: "Bado."

Hapo ndipo niwaombe msome taratibu. Milimani upepo una ratiba yake. Usiku na alfajiri hewa baridi inateremka mtelemko. Jua likishapasha mawe, hewa inapanda. Katikati ya hayo mawili kuna kipindi ambacho upepo haujui uende wapi, unazunguka, unakupiga shavuni halafu unakupiga kisogoni. Tulikuwa ndani ya kipindi hicho. Nilihisi ubaridi shingoni nikajua harufu yetu inaenda kule. Nikawaza siku sita. Nikawaza bado siku tatu tu. Nikamwaza bosi kambini atakavyonitazama nikirudi tena mikono mitupu.

Nikasema: "Piga."

Mgeni hakusita, kwa sababu aliniamini. Mlio ulipotulia nikasikia ule mshindo wa risasi ikigonga mwili, kama mtu amepiga gunia la mahindi kwa ubao. Dume likajikunja, likageuka, msitu ukavunjika njia nzima, kisha kimya. Tukangoja ule mlio mrefu wa huzuni ambao mbogo hutoa akiwa anakata roho. Haukuja.

Mzee hakunilaumu. Alikaa chini akatoa ugoro wake. Baada ya muda mrefu tukaenda pale liliposimama, na kwenye jani moja pana nikaona damu nyeusi iliyochanganyika na vipande vya kijani. Mnaojifunza, shikeni hili: damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, hujafanya vibaya, mnyama hayuko mbali. Nyeusi yenye majani ni ya tumbo. Moyo wa mbogo uko chini kifuani, unapanda na mstari wa mguu wa mbele hadi theluthi ya mwili, basi. Mgeni alilenga pale nilipomwambia. Nilimwambia kabla hapajawa wazi, na risasi ikapita nyuma.

Tulifuata hadi giza likatuzuia. Usiku ule sikula. Nilikuwa nalisikia lile dume huko juu bila kulisikia, kama mnavyoweza kulisikia jino linalouma.

Kesho yake tulirudi kwenye damu ya mwisho kulipopambazuka. Mgeni tulimwambia anaweza kubaki kambini, akakataa. Nyayo zilikwenda moja kwa moja kwenye kichaka kizito, nami nikiwa nyuma ya mzee hatua mbili, bunduki tayari. Nyayo zilikuwa zinaenda mbele, macho yangu yote mbele. Mzee akasimama. Ndege wale wanaodonoa kupe walilia mara moja, wakaruka wakatua tena. Walilia kushoto.

Mbogo aliyejeruhiwa hufanya hivyo. Anapita, anazunguka, anarudi kulala pembeni ya njia yake mwenyewe, akimsubiri anayemfuata. Bila wale ndege na masikio ya yule mzee, mke wangu leo angekuwa anawasimulia mengine. Nilimvuta mgeni nyuma yangu, nikapiga goti, na kupitia chini ya majani nikaona sikio lililochanika, mita kumi na tano. Nilipiga mimi. Mgeni akapiga. Halikusimama tena.

Nililisogelea kwa nyuma kama inavyotakiwa, nikagusa jicho kwa kijiti. Inzi walikuwa wamejaa kwenye jeraha la jana. Ulimi ulikuwa umetoka umekauka, umeshikwa na majani makavu ya mtarakwa. Toka niliposema lile neno zilikuwa zimepita saa kama ishirini na saba. Mnyama wa kilo mia saba amelala na tumbo lililopasuka saa ishirini na saba kwa sababu mimi niliogopa kurudi kambini mikono mitupu.

Mgeni alimshukuru mzee kwanza, kwa mikono miwili, halafu mimi. Hakuninung'unikia hata mara moja. Aliyenivunja alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Jioni, mbele ya wapishi na wachunaji ngozi, watu niliokula nao miaka sita, alisema kwa sauti: "Nilijua. Hawa hawaivi." Hakusema "huyu". Alisema "hawa". Msimu uliofuata sikuitwa. Hakuna barua wala simu, nilijua nilipoona gari la kambi limepakia kuondoka bila mimi.

Limeniuma na bado linauma, sitasema uongo. Kosa lilikuwa langu na nimelibeba. Lakini lilikuwa langu peke yangu, halikuwa la kabila langu wala la nchi yangu. Nimewaona wawindaji wa kutoka nje wakijeruhi wanyama na jioni wakapewa kinywaji na pole. Kwa hiyo mdogo wangu wa Usa River, na wengine wote, jueni mnaingia mahali ambapo kosa lenu moja litahesabiwa kama la wote. Si haki, ila ndivyo ilivyo, na dawa yake ni kuwa makini mara mbili.

Kwa hiyo nirudi kwenye swali. Utakosea kwenye neno "piga". Mgeni atafyatua, lakini risasi ni yako, umeitoa kwa mdomo. Jifunze kusema "subiri". Sema "subiri" hata kama mgeni anatetemeka. Sema "subiri" hata kama umebakiwa na siku moja. Bega likifunikwa, subiri. Upepo ukizunguka, usisubiri hapo. Rudi nyuma, telemka, panda kesho. Mbogo aliyekukimbia bila jeraha ni mbogo wa kesho. Na pombe ya kambini waachie wageni, na simu iache hemani. Vijana mnapiga picha za nyayo wakati nyayo zinawatazama.

Halafu huyo anayetangulia mbele yako kwa kandambili za matairi, msikilize. Hana cheti cha Mweka. Mwamkie shikamoo asubuhi kabla ya kumwamkia mgeni. Akisema bado, ni bado.

Wapo watakaoniandikia kwamba tusiue kabisa. Ninawaheshimu. Kenya walifunga uwindaji mwaka 1977 na hawajafungua. Sisi tulifunga mwaka 1973 tukafungua tena 1978, na mabishano yapo tangu hapo. Mimi nasema hivi: kama tumekubali kuifanya kazi hii, basi mnyama afe bila kujua. Huyo wangu alijua, usiku mzima.

Julai hii kampuni nyingine imenichukua. Nimeshapanda na wageni watatu. Mmoja alirudi kwao Ulaya bila mbogo, kwa sababu mara mbili nilisema "subiri" na dume likaondoka. Alikasirika siku ile, akanipa mkono uwanja wa ndege KIA. Sijutii.

Mdogo wangu, umeniuliza pia viatu. Usinunue vile vizito vya soli ngumu, mlimani vinagonga jiwe kama nyundo. Nenda Moshi soko la Memorial asubuhi na mapema, tafuta vya ngozi vyenye soli laini vilivyokwisha kuvaliwa, kunja soli kwa mkono, kama haikunjiki rudisha. Kisha vivae kila Jumapili kupanda kutoka Ilboru kuelekea msituni, ukiwa na jiwe la kilo nne begani, kimya kimya, hadi mbuzi wa watu wasikugeukie.