Fundi wa redio, angalia fluksi yako

Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza redio hapa Luthuli Avenue, Nairobi, nilijiharibia jina kwa kopo moja la fluksi, ile dawa ya kupaka ili lehemu ishike. Niliinunua hadwea, ile ya mafundi wa mabomba, maana lehemu ilishika upesi hata kwenye waya mchafu. Miezi michache baadaye redio zikaanza kurudi. Mama mmoja wa Umoja akaitua yake mezani: "Fundi, si ulisema imepona?" Kufungua, njia za shaba kwenye bodi zimeota ukungu wa kijani, mbili zimekatika kabisa. Fluksi ile ina kloridi ya zinki. Hufyonza unyevu wa hewani na kuendelea kula shaba polepole, hata redio ikiwa imezimwa.

Tangu siku hiyo natumia rosini tu. Ni mabonge ya rangi ya asali, ukiyagonga yanapasuka kama peremende. Yanatokana na utomvu wa msonobari, ule unaokunata vidoleni ukishika gogo bichi kule Kinale. Utomvu ukichemshwa, tapentaini hupaa na mvuke, rosini hubaki chini. (Tapentaini ya hadwea siku hizi aghalabu ni ya petroli, usidanganywe na jina.) Rosini ikiwa baridi, asidi zake zimelala. Ikipata joto inayeyuka, asidi zinaondoa kutu, lehemu inatambaa vizuri. Ikipoa, inakuwa gamba gumu lisilopitisha umeme.

Kwa kazi nyingi, waya wa lehemu wenye rosini ndani unatosha. Bodi ikiwa imechakaa, ponda kipande, kiloweke kwenye spiriti mpaka kiyeyuke, paka kwa brashi. Subiri spiriti ikauke kabla ya kuleta chuma cha moto, maana inawaka. Masalio yafute kwa spiriti hiyo hiyo. Maji hayafui dafu.

Ila moshi wake! Unanukia vizuri, nami nilikuwa nauinamia kama anayepulizia jiko. Jioni kifua kinabana, Jumapili nikipumzika kinaachia. Kumbe moshi wa rosini huleta pumu, na ikishakushika, hata moshi kidogo unaiamsha. Sasa nina feni ya kompyuta mbovu, nimeiweka upande wa pili wa kazi ivute moshi kuelekea dirishani. Usiielekeze usoni. Na kama kibanda chako hakina dirisha, fanyia lehemu mlangoni, wateja watakuzoea.